SOMO: KIONGOZI ANAPOUZA HISA ZAKE

Shabaha ya somo

Somo hili limetungwa kwa ajili ya makatibu, wajumbe wa halmashauri na wanachama wa vyama vya msingi. Baadhi yetu, mbali na hisa tulizo nazo katika ushirika, tumenunua hisa za makampuni tangu Soko la Hisa la Dar es Salaam lilipoanza biashara mwaka 1998. Basi yafaa tulielewe jambo linalowaudhi sana wenye hisa: kuwaona viongozi wa kampuni wakiuza hisa zao wenyewe, huku wakiwahimiza wengine wavumilie. Tutatazama mfano wa kampuni moja ya Marekani, kisha tutajipima sisi wenyewe kwa mizani ile ile.

1. Hisa ya ushirika na hisa ya kampuni

Katika ushirika, hisa haipelekwi sokoni kutafutiwa bei, wala uvumi hauipandishi wala kuishusha. Na mwanachama mwenye hisa mia hupiga kura moja, sawa na mwenye hisa chache.

Hisa ya kampuni iliyo sokoni ni tofauti. Kwa kawaida kura huhesabiwa kwa hisa, si kwa kichwa. Bei yake hubadilika kila siku kwa kadiri ya wanunuzi na wauzaji, nao huongozwa na habari. Kwa hiyo anayepata habari kabla ya wenzake ana mali mkononi. Wahenga walisema, siri ya mtungi aijuaye kata. Mkurugenzi wa kampuni ndiye kata; mwenye hisa wa kawaida huuona mtungi kwa nje tu.

2. Kwa nini kampuni ndogo za dawa

Ugomvi huu hutokea mara nyingi katika kampuni ndogo za bayoteknolojia, yaani zile zinazotengeneza dawa kwa kutumia chembe za viumbe hai. Kampuni ya namna hiyo yaweza kukaa miaka mingi bila kuuza hata chupa moja ya dawa. Fedha za utafiti hupatikana kwa kutoa hisa mpya, na kila hisa mpya hupunguza fungu la mwenye hisa wa zamani. Tumaini lote huwa juu ya dawa moja, na hatima ya dawa hiyo hutegemea uamuzi wa Serikali. Barua moja yaweza kuikata bei kwa nusu, na wanaoiona barua hiyo kwanza ni watu wachache.

3. Mfano wa ImClone

Kampuni ya ImClone Systems ya New York ilianzishwa mwaka 1984. Mkuu wake alikuwa Samuel Waksal. Dawa iliyotegemewa iliitwa Erbitux, kwa ajili ya saratani ya utumbo mpana.

Mwezi Septemba 2001, kampuni kubwa ya Bristol-Myers Squibb ilikubali kununua karibu asilimia 20 ya hisa za ImClone kwa dola 70 kila moja, bei iliyopita ile ya soko. Wenye hisa wote walipewa nafasi ya kuuza sehemu ya hisa zao, na viongozi nao waliuza. Wapo walionung'unika, lakini mauzo hayo yalikuwa ya wazi: bei moja, siku moja, masharti yaliyotangazwa kwa wote.

Mauzo ya pili yalikuwa ya namna nyingine. Tarehe 26 Desemba 2001, Waksal alipata habari kwamba idara ya Serikali inayosimamia vyakula na dawa ingekataa kupokea maombi ya Erbitux kwa kuwa ushahidi wake haukutosha. Wenye hisa hawakuambiwa neno. Kesho yake binti yake, kwa kuelekezwa na baba, aliuza hisa zaidi ya 39,000 kwa dola zipatazo milioni 2.5. Waksal mwenyewe alijaribu kuuza hisa zake 79,797 kwa kuzipitisha kwa binti huyo, lakini madalali walikataa.

Tarehe 28 Desemba, baada ya soko kufungwa, ndipo habari ilipotangazwa. Hisa ilikuwa imefunga kwa dola 55.25. Siku ya soko iliyofuata ilishuka hadi dola 46.46, na kufikia katikati ya mwaka 2002 ilikuwa chini ya dola 10. Waksal alikamatwa Juni 2002, akakiri makosa, na mwaka 2003 akahukumiwa kifungo cha miaka saba na miezi mitatu pamoja na faini ya dola milioni 3.

Yapo na ya baadaye. Mwezi Februari 2004, baada ya utafiti zaidi, Erbitux ilikubaliwa. Mwaka 2008 kampuni ya Eli Lilly iliinunua ImClone kwa dola 70 kila hisa. Kumbe kazi ya wataalamu ilikuwa na thamani. Mwenye hisa aliyeuza kwa hasira au hofu wakati wa dola nane alipata hasara mbili: ya kwanza kwa kufichwa habari, ya pili kwa kuuhukumu mradi wote kwa dhambi ya kiongozi wake.

4. Si kila mauzo ni kosa

Kiongozi naye ni mtu. Hujenga nyumba, husomesha watoto, hulipa kodi. Wengi hulipwa sehemu ya ujira wao kwa hisa, na si busara mtu kuweka mali yake yote katika kapu moja. Mwenye hisa anayepiga kelele kila mkurugenzi auzapo hujichosha bure. Afadhali aulize haya: Je, ameuza sehemu ndogo au karibu zote? Ameuza peke yake, au viongozi wengi wameuza kwa pamoja? Je, ni desturi yake, au ni ghafla? Na ni habari gani iliyotangazwa mara tu baada ya hapo?

5. Sheria

Sheria ya Marekani ya mwaka 1934 huwalazimisha wakurugenzi, maofisa wakuu na wenye zaidi ya asilimia 10 ya hisa kutoa taarifa ya mauzo yao. Tangu mwaka 2002, taarifa hiyo hutolewa ndani ya siku mbili za kazi, na kila mtu aweza kuisoma. Kiongozi pia aweza kuandika mapema mpango wa kuuza, wakati hana habari ya siri. Baadhi walianza kuuza mara tu baada ya kuuandika, ndipo masharti yakakazwa mwaka 2022: mkurugenzi au ofisa hungoja angalau siku 90. Kwetu Tanzania, Sheria ya Masoko ya Mitaji na Dhamana ya mwaka 1994 hukataza biashara ya hisa kwa kutumia habari za ndani.

6. Na sisi je?

Asiseme mtu kwamba haya ni ya New York. Tuseme mjumbe wa halmashauri ameiona barua ya Chama Kikuu yenye nyongeza ya bei ya kahawa. Kabla haijasomwa kwa wanachama, anamwendea jirani mwenye shida ya karo na kununua kahawa yake ingali mtini, yaani butura. Kwenye korosho huitwa kangomba. Mjumbe huyo hakuvunja kufuli la ghala wala hakuchezea mizani, lakini amemnyang'anya mwenzake nyongeza iliyokuwa haki yake, kwa kutumia barua aliyoiona kwa sababu ya cheo alichopewa na huyo huyo jirani.

Dawa yake imo mikononi mwa Katibu:
(a) Kila barua ya bei iandikwe katika daftari la barua zinazoingia, kwa tarehe na saa.
(b) Ibandikwe ubaoni siku ile ile.
(c) Mjumbe yeyote anayenunua mazao kwa faida yake atamke hivyo kikaoni, na iandikwe katika muhtasari.
(d) Mwanachama anayeomba kuona daftari asizungushwe.

Maswali ya kujadili kikundini

1. Kuna tofauti gani kati ya mauzo ya viongozi wa ImClone kwa Bristol-Myers Squibb na yale ya Desemba 2001?
2. Katika chama chenu, barua ya bei hukaa siku ngapi kabla ya kufika ubaoni, na ni nani huiona kwanza?
3. Mjumbe aliyenunua butura akijua bei mpya arudishe nini, na kwa nani? Andikeni jibu lenu, lipelekwe mkutano mkuu.