Dawa ya sonona: wiki za kwanza ndizo ngumu

Mgonjwa wa sonona, ambayo wengi huiita depresheni, akianzishiwa fluoksetini (pakiti huandikwa Fluoxetine), madhara huweza kutangulia nafuu. Siku ya tatu ana kichefuchefu, kichwa kinamuuma, usingizi umepotea, na huzuni iko palepale. Wengi huiacha dawa hapo.

Seli za ubongo hupashana ujumbe kwa kemikali, mojawapo ikiwa serotonini. Ujumbe ukishafika, seli huirudisha serotonini ndani. Fluoksetini huzuia hilo, nayo serotonini hubaki nje kwa muda zaidi. Kazi hiyo huanza mapema, lakini ubongo huchelewa kuzoea. Ndiyo maana nafuu huonekana baada ya wiki 2 hadi 4, kwa wengine 6. Kichefuchefu nacho kwa kawaida hupungua katika kipindi hicho. Kumeza asubuhi baada ya chakula husaidia tumbo na usingizi.

Kuna pia shida ya mfuko. Mtu wa kibarua Kibera au Kawangware hununua vidonge vichache kwenye kemisti, akikosa pesa anakaa siku kadhaa, kisha anaanza upya. Dawa hii si kama ya kuumwa kichwa, haifai kumezwa hivyo. Afadhali kumweleza daktari mapema kuwa pesa hazitoshi. Vidonge vya jirani havifai pia: kwa mwenye ugonjwa wa baipola, vinaweza kumpandisha wazimu.

Anayetumia fluoksetini amtajie muuza dawa kabla ya kununua cha maumivu. Ikichanganywa na tramadoli inaweza kuleta degedege, homa na kuchanganyikiwa. Ikichanganywa na aspirini au ibuprofeni, tumbo huweza kuvuja damu.

Walio chini ya miaka 25 wanahitaji jicho la karibu mwanzoni, kwani mawazo ya kujidhuru yanaweza kuongezeka. Ni vyema mtu mwingine nyumbani awatunzie vidonge. Mawazo hayo yakianza, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, au apige simu ya bure ya Msalaba Mwekundu, 1199.

Anayepata nafuu huendelea na dawa angalau miezi 6, kisha daktari huipunguza polepole. Mkazi wa Kibera anaweza kuanzia Hospitali ya Mbagathi, wa Kawangware Kituo cha Afya cha Riruta. Abebe pakiti za dawa zote anazotumia, hata za mitishamba.