Ajali kwenye Kivuko cha Reli: Nani Hulipa, na kwa Sababu Gani

Wilaya ya Kyela haina reli, lakini wakazi wake husafiri kando ya reli kila siku. Mchele wa Ipinda na kakao ya vijiji vya milimani hupanda Tukuyu hadi Uyole, kisha huelekea Dar es Salaam kwa barabara kuu inayokwenda karibu sambamba na reli ya TAZARA kati ya Mbeya na Makambako. Reli hiyo, yenye urefu wa kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi New Kapiri Mposhi nchini Zambia, hukutana na njia nyingi za magari, pikipiki na waenda kwa miguu.

Hatari yenyewe imekwisha kuonekana katika reli nyingine za nchi. Juni 2018, mjini Kigoma, basi la abiria liligongwa na treni ya mizigo katika eneo la Gungu, na watu kumi wakafariki. Novemba 2023, huko Manyoni mkoani Singida, basi jingine liligongana na kichwa cha treni, na zaidi ya watu kumi wakapoteza maisha.

Baada ya ajali za namna hii, husikika kauli kwamba treni haina kosa kamwe. Kauli hiyo ina ukweli nusu. Treni yenye mzigo haiwezi kukwepa, na huweza kuhitaji mamia ya mita, hata zaidi ya kilomita moja, kabla haijasimama. Ndiyo maana dereva wa gari ndiye anayetakiwa kupunguza mwendo, kutazama pande zote mbili, kusikiliza na kusimama. Asiyefanya hivyo hutenda kosa, na iwapo mtu amekufa anaweza kushtakiwa kwa jinai chini ya Sheria ya Usalama Barabarani.

Hata hivyo, haki ya treni kupita kwanza haiondoi wajibu wa mwenye reli. Mahakama huuliza maswali mengine. Je, dereva wa treni alipiga honi kabla ya kufika kivukoni? Taa za mbele zilikuwa zikiwaka? Alama za tahadhari zilikuwapo, au zilikuwa zimeng'olewa na kuuzwa kama chuma chakavu? Vichaka vilizuia kuona? Kama kivuko kina kizuizi na mlinzi, alikuwa wapi? Kizuizi kilichoachwa wazi huwaambia wapitaji kwamba njia ni salama, na kwa sababu hiyo kinaweza kuwa na madhara makubwa kuliko kutokuwapo kizuizi kabisa. Mwenye barabara naye huweza kuulizwa kuhusu alama za upande wake: TANROADS kwa barabara kuu na za mikoa, TARURA kwa barabara za wilaya.

Kwa hiyo lawama huweza kugawanywa. Sheria iliyo katika Sura ya 310, inayohusu madai ya vifo na mambo yanayoambatana nayo, huiruhusu mahakama kupunguza fidia kwa kadiri ya uzembe wa mdai mwenyewe. Tuchukue mfano wa kufikirika. Dereva wa bodaboda amevunjika mguu kivukoni, na hasara yake imethibitishwa kuwa shilingi milioni 40. Mahakama ikiona kwamba yeye alichangia asilimia 60 kwa kutosimama, na mwenye reli asilimia 40 kwa kuacha vichaka, atalipwa milioni 16.

Hali ya abiria ni tofauti, na hapa ndipo familia nyingi hupoteza haki bila kujua. Mama aliyeketi katikati ya basi akiwa na magunia yake ya mchele hakuendesha chochote. Uzembe wa dereva hauhamishiwi kwake. Ikiwa mwenye basi na mwenye reli wote wamekosa, anaweza kudai fidia yake yote kwa yeyote kati yao, nao watagawana mzigo wenyewe baadaye. Bima ya lazima ya chombo cha moto, ambayo wengi huiita bima ndogo, imewekwa kwa ajili ya watu kama yeye. Kondakta au utingo aliyeajiriwa, akiumia kazini, ana pia njia ya Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Akifa mtu, wanaodai ni wategemezi wake: mume au mke, watoto na wazazi.

Familia ichunge sana karatasi zinazoletwa msibani. Mchango wa jeneza na usafiri ni jambo la utu na upokelewe kwa shukrani, lakini hati inayosema kwamba familia "imeridhika na haina madai zaidi" isitiwe saini wala dole gumba kabla mwanasheria hajaisoma.

Ushahidi nao hauvumilii. Majeruhi apate fomu ya PF3 polisi. Tiketi itunzwe. Mtu wa familia akipige picha kivuko siku hiyohiyo, kutoka upande wa dereva, kwa kuwa vichaka huweza kufyekwa wiki inayofuata na hoja ikafa.

Madai ya uzembe hufunguliwa ndani ya miaka 3. Dhidi ya Serikali au shirika la umma, hutangulia notisi ya maandishi ya siku 90, yenye nakala kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali, kisha shauri hufunguliwa Mahakama Kuu. Iliyo karibu na Kyela iko Mbeya. TAZARA ni ya nchi mbili na ina sheria yake yenyewe, hivyo mwanasheria aisome kabla ya kuandika notisi. Asiye na uwezo wa kumlipa wakili anaweza kuomba huduma chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017. Mtendaji wa Kata au Ofisi ya Maendeleo ya Jamii ya Halmashauri atamwelekeza. Kwa mtoto aliyeumia, muda wa kudai huanza kuhesabiwa anapotimiza miaka 18, ingawa kufikia wakati huo mashahidi wengi watakuwa wamekwisha kuhama.