Mdogo Wangu, Chagua Pa Kubania

Mdogo wangu unayetengeneza meno bandia pale Baraka, najua unavyoumia. Unga wa akriliki na maji yake vinatoka mbali, bei yake ni dolari, na mama aliyekimbia mapigano ya Bibokoboko mwaka 2021 amekuletea franka alizofunga kwenye pembe ya kitenge. Kutafuta nafuu si kosa, wala si wewe wa kwanza. Ila chagua pa kubania.

Kwenye duka la vifaa vya ujenzi ingia bila aibu. Plasta ya kawaida, mradi haina chokaa wala saruji, inatosha kushikilia modeli ndani ya kopo la kupikia. Ifunge kwenye ndoo yenye kifuniko, maana unyevu wa ziwa utaigandisha. Msasa wa fundi magari, namba 400 na 600, unalainisha vizuri. Vaselini inatenganisha plasta na plasta. Lakini modeli ya kupimia imimine kwa plasta ngumu ya kazi ya meno. Ile laini inakwanguka, na meno yatabana huku na kucheza kule.

Sasa njoo karibu. Nasikia mnashawishiana kununua yale maji ya kubandikia kucha, eti harufu ni moja. Usithubutu! Rahisi huvunja upishi. Harufu haikuambii usafi wake wala kilichochanganywa humo. Hata huko Marekani, miaka ya 1970, serikali iliingilia kati vipodozi vya kucha vyenye kemikali iitwayo methakrilati ya methili baada ya watu kudhurika vidole. Ikiwa kidole kililalamika, ufizi wa mama yule utasema nini, naye anakula na kulala na kitu hicho? Utawaka, utavimba, ataacha kuvaa. Ataona haya kurudi kwako, atawaambia jirani zake tu.

Hata ukiwa na maji halali, usiyaharakishe. Yanachemka karibu na nyuzi 101, kwa hiyo ukiyatupia moto mkali wa makaa, akriliki inajaa vitundu na mabaki ya maji hayo yanabaki ndani. Pasha kopo polepole, nyuzi 74 kwa saa nyingi, hadi 9. Kipimajoto cha kawaida kinatosha, na hapo umeokoa fedha kwa haki. Chupa iwe mbali na jiko, mvuke wake unashika moto. Funika pua unaposugua, vumbi halina huruma na mapafu.

Akriliki usiitafutie mbadala, bali ungana na mafundi wenzako mnunue kwa pamoja, mgawane nauli. Na kila seti ikishapikwa, iloweke kwenye maji safi siku moja au mbili kabla ya kumkabidhi mwenyewe, mabaki yapungue. Akikuharakisha, mweleze kwa upole, atakuelewa. Chupa ya kucha uliyokwisha kununua, irudishe ulikoinunua.