PANGA USO WA SIMU YAKO

Ndugu mfanyakazi, na wewe mama uliye nyumbani, soma somo hili ukiwa na simu yako mkononi.

Usiku mmoja mama alifika kwetu dispanseri, bwana yake amelala nyuma katika gari la jirani. Bwana ana ugonjwa wa sukari, na siku ile sukari ilikuwa imeshuka sana mpaka hatambui watu. Nilimwuliza mama: mbona hukutuita, tungekuja na ambulansi? Akajibu ya kuwa alishika simu ya bwana, na namba ya siri aliijua. Lakini uso wa simu ulijaa picha ndogo, ukurasa baada ya ukurasa: michezo, muziki, mpira, biashara. Alama ya kupiga simu, mtoto alikuwa ameisogeza ndani ya kifuko cha michezo. Mama akatafuta, akatetemeka, akaiacha, akakimbia kwa jirani. Bwana alipona, lakini dakika zile zilikuwa nyingi mno.

Wewe unayeshuka chini unajua chumba cha taa. Kila taa ina pahali pake na namba yake, hata ukiwa na usingizi mkono wako unaijua. Uso wa kwanza wa simu unataka kupangwa vile vile.

Tuanze na mstari wa chini. Ukishika simu kwa mkono mmoja, kidole gumba kinafika chini bila shida; juu kabisa hakifiki. Tena alama za mstari ule hazihami ukifungua ukurasa mwingine. Tangu iPhone ya kwanza ya mwaka 2007, alama ya kupiga simu iliwekwa pale, ya kwanza kushoto. Iache pale. Karibu yake weka ujumbe, na kwa wenye posti ya usiku, saa ya kuamsha.

Juu ya mstari huo weka majina mawili ao matatu tu: dispanseri, bibi, jirani mwenye gari. Katika simu nyingi za Android unaweza kuweka jina la mtu usoni, ukiligusa mara moja simu inaita palepale. Na uandike jina linaloeleweka. Mimi nimekuta simu yenye « Chérie » watatu! Anayetaka kukusaidia ampigie yupi?

Programu zingine zote ziondoke ukurasa wa kwanza. Wengi wanaogopa hapa, wanadhani watapoteza pesa zao za simu ao picha za watoto. Sivyo. Kuondoa alama usoni si kufuta programu. Inabaki ndani, katika orodha ya programu zote. Katika Android, neno « Désinstaller » ndilo linalofuta programu yenyewe, kwa hiyo soma mbele ya kugusa. Michezo ya watoto iwe ukurasa wa mwisho, katika kifuko chake. Simu za Samsung zina pahali pa kufunga mpango wa uso ili mtoto asiuharibu. Tafuta katika « Paramètres », upande wa « Écran d'accueil ».

Kuna pia zile namba nyekundu juu ya alama. Zinaita jicho. Mtu aliyetoka posti ya usiku anataka kuangalia saa tu, anaona nyekundu, anafungua, na usingizi unakwisha. Zizime.

Sasa, kama simu imefungwa na wewe hujui watu? Wasaidizi wataona « Appel d'urgence » ao « Urgence » bila namba ya siri. Nyuma ya neno hilo wanaweza kusoma habari zako za afya, lakini ni kama uliziandika wewe mwenyewe mbele. Katika iPhone zinaandikwa ndani ya « Santé », kwenye « Fiche médicale ». Katika Android nyingi ni « Sécurité et urgence » ndani ya « Paramètres ». Andika ugonjwa wako, dawa unazokunywa, dawa zinazokudhuru kama penisilini, na mtu wa kuitwa. Simu ikikuuliza kama habari zionekane ikiwa imefungwa, kubali.

Leo jioni, zima taa ya chumba. Mpe bibi simu yako, ao mtoto wako mkubwa, umwambie aite dispanseri. Hesabu polepole. Ukipita kumi, upange tena.