SOMO LA WIKI: Hisa za vichujio vya simu na siri ya utando

Mei 2023 kampuni ya Apple ilitangaza mkataba wa mabilioni ya dola na Broadcom. Miongoni mwa bidhaa zilizotajwa ni vichujio vya masafa vinavyotengenezwa Fort Collins, Colorado, nchini Marekani. Kichujio ni kidude kidogo ndani ya simu kinachopitisha masafa yanayotakiwa na kuzuia mengine. Msomaji anayefuatilia hisa za aina hii aanze na malighafi.

Ndani ya kichujio mna utando unaotanuka na kunywea kila unapopata umeme, nao umebanwa kati ya mabamba mawili ya metali. Umeme ukibadilika haraka, utando hutetema. Masafa yake hutegemea unene, na kasi ya sauti ndani ya malighafi yenyewe. Katika alumini naitraidi sauti hukimbia takriban mita 11,000 kwa sekunde. Kwa masafa ya gigahezi 2 unatakiwa utando wa kama mikromita 2.75 (mikromita 1,000 ni milimita moja), kabla ya kuhesabu uzito wa metali. Oksidi ya zinki, yenye kasi ya takriban mita 6,300, ingetaka kama mikromita 1.6 tu. Masafa yakipanda utando hupungua, kwa hiyo malighafi yenye kasi humpa fundi nafasi ya kufanya kazi.

Zinki hugeuza umeme kuwa mtetemo vizuri zaidi kidogo, lakini viwanda vya silikoni huiogopa kwa kuwa huchafua mitambo. Alumini naitraidi ikatwaa soko.

Hata hivyo, kichujio chake hakipitishi mkanda mpana sana, na simu za 5G zinataka mkanda mpana. Mwaka 2009 watafiti wa Japani, akiwemo Morito Akiyama, walionyesha kuwa kuchanganya skandiamu huongeza nguvu ya utando hadi karibu mara 5. Bei yake ni hii: skandiamu ikizidi utando hulainika, kasi ya sauti hushuka na nishati nyingi zaidi hupotea. Kampuni inayojisifia upana wa mkanda bila kutaja upotevu imekuonyesha upande mmoja tu wa daftari.

Aidha, Aprili 2025 China iliiweka skandiamu katika orodha ya madini yanayohitaji kibali kabla ya kuuzwa nje. Kinachotumika katika simu moja ni kidogo mno, lakini bila kibali hata hicho hakisafirishwi.