Jeraha Kwanza, Kikao Baadaye: Ukatili wa Majumbani na Nafasi ya Huduma za Afya



Katika nyumba za kupanga za Buguruni, ambako familia kadhaa hukaa chini ya paa moja na kutumia ua mmoja, kipigo cha usiku husikika na wote. Asubuhi kila mtu hushika njia yake, kwa kuwa tumezoea kusema mambo ya mume na mke hayaingiliwi. Mara nyingi anayeuvunja ukimya huo ni muuguzi wa zahanati, anayemuuliza mama kwa upole jicho limevimbaje. Katika somo hili tutazame kazi ya muuguzi huyo, na tujiulize inatufundisha nini sisi waamini.

1. Hali ilivyo

Utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliotolewa mwaka 2005 ulionyesha kwamba Dar es Salaam asilimia 41 ya wanawake waliowahi kuwa na mume au mwenzi walikwishapigwa au kulazimishwa kimwili naye. Wilayani Mbeya ilikuwa asilimia 56. Kwa hiyo tunapoketi katika Jumuiya Ndogo Ndogo, tusidhani kwamba jambo hili liko kwa wengine tu.

2. Huduma za afya zinafanya nini?

Kwanza, zinatibu. Kipigo cha tumbo au cha kichwa kinaweza kuumiza ndani bila alama nje. Aliyeingiliwa kwa nguvu anahitaji dawa za kinga dhidi ya VVU mapema iwezekanavyo, na si zaidi ya saa 72.

Pili, zinauliza faraghani. Mume akiwa amesimama pembeni, mama atasema ameanguka bafuni. Ndiyo maana mhudumu aliyefundishwa humwona peke yake.

Tatu, zinaandika. Fomu ya polisi namba 3, yaani PF3, ikijazwa vizuri na tabibu, huwa ushahidi mahakamani. Lakini kwa aliye katika hatari, matibabu hayapaswi kusubiri fomu.

Nne, zinaunganisha. Hospitali ya Amana, Ilala, si mbali na Buguruni, ina kituo cha Mkono kwa Mkono. Katika vituo vya namna hii mwathirika hupata tiba, ushauri nasaha, polisi na ustawi wa jamii mahali pamoja, asilazimike kusimulia aibu yake katika ofisi nne. Polisi nao wana Madawati ya Jinsia na Watoto.

3. Je, uvumilivu si fadhila?

Ni fadhila. Lakini tuielewe vizuri. Mtakatifu Thoma wa Akwino anauweka uvumilivu chini ya fadhila ya nguvu: humlinda mtu ili huzuni isiishinde akili yake na kumtoa katika mema. Haudai kwamba uovu unaoweza kuzuiwa uachwe uendelee. Mgonjwa mvumilivu hakatai dawa. Vivyo hivyo, mke anayekwenda hospitali na polisi hajavunja uvumilivu, na jirani anayemwambia avumilie, hali yeye haumii, anagawa fadhila ya mwenzake.

Tena, mvumilivu wa kweli hutafuta mema ya wote. Je, kumwacha mume aendelee kupiga ni mema kwake? Dhambi yake inakua, na watoto wanajifunza.

4. Sheria zinasemaje?

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inatamka kwamba hakuna mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kipigo, hata kama mila inaruhusu. Kanisa nalo, katika Kanuni ya 1153, linamruhusu mwenzi aliye katika hatari kubwa ya roho au mwili, yeye au watoto, kutengana kwa kibali cha Askofu mahalia. Na kama kuchelewa kuna hatari, aondoke kwa uamuzi wake mwenyewe. Kifungo cha ndoa kinabaki, na hatari ikiisha maisha ya pamoja hurudishwa, isipokuwa mamlaka ya Kanisa imeamua vingine. Papa Fransisko katika Amoris Laetitia (2016) anakiri kwamba mbele ya ukatili, kutengana huweza kuwa jambo lisiloepukika.

5. Tufanye nini?

Tuzingatie mpangilio. Mama akipigwa Jumanne, na msimamizi wa ndoa akaita kikao Jumapili baada ya Misa, saa 72 zimekwisha pita na alama zimeanza kufifia. Basi jeraha kwanza, usalama wa mama na watoto pili, ushahidi tatu. Usuluhishi, kama unawezekana, huja baadaye, na kamwe usiwe wa kumlazimisha arudi. Sisi tunaojiandaa kuwa wachungaji tujue tangu sasa njia ya kwenda Amana, ili siku tutakapobishiwa hodi tuwe na zaidi ya neno la faraja.

Maswali ya kutafakari katika Jumuiya

1. Mara ya mwisho tuliposikia kipigo kwa jirani, tulifanya nini?
2. Ni nani katika Jumuiya yetu anayeweza kumsindikiza mama hospitali usiku?
3. Mafundisho yetu ya ndoa yanawaambia nini vijana wa kiume kuhusu kipigo?