Andika Siku, Andika Saa: Daftari la Afya la Kaya
Kwa kaya za Nyamwage na vijiji vya jirani

Kwa nini daftari

Tunapouliza hapa zahanati, "Homa ilianza lini?" tunajibiwa "juzi juzi", au "tuliporudi shamba", au "bibi yake ndiye anayejua", na bibi yuko shambani bondeni. Mtoto amelegea mgongoni, na hakuna ajuaye kama ni homa ya jana au ya siku nne. Homa ya malaria kwa mtoto mdogo yataka kipimo na dawa ndani ya saa 24. Saa hizo utazihesabuje kama hukuandika mwanzo wake?

Kuanzia 1998 wadodosi wa takwimu walipita katika kaya nyingi za wilaya yetu ya Rufiji kila baada ya miezi minne, wakiandika nani kazaliwa, nani kafariki, nani kahama. Takwimu hizo zilisaidia kupanga huduma za wilaya. Lakini mdodosi hakai kwako usiku mtoto anapochemka. Usiku huo mwandishi ni wewe. Andika siku. Andika saa.

Daftari gani

La shule, la bei ndogo kabisa.

Dawa: hapa ndipo tunapoumia

Dawa mseto ya malaria ina dozi sita kwa siku tatu. Ukianza saa 2 asubuhi, dozi ya pili ni saa 10 jioni, baada ya saa nane. Kesho asubuhi na jioni, keshokutwa asubuhi na jioni. Kila dozi, andika siku, andika saa. Mtoto akichangamka siku ya pili, wengi huacha na kuweka vidonge vilivyobaki darini "kwa ajili ya mdogo wake". Usifanye hivyo! Kupoa kwa homa si kupona. Malizia dozi.

Mtoto akitapika kabla ya nusu saa kupita tangu ameze dawa, rudia dozi hiyo, andika, kisha nenda zahanati uongezewe, maana vidonge vitapungua. Usimpe dawa mseto bila kipimo. Usimpe dawa ya jirani. Panadol nayo iandikwe: mama kampa, bibi kampa tena, shangazi naye kampa, kila mmoja kwa huruma, na ini la mtoto ndilo linaloumia. Aliyetoa dawa aandike saa kabla hajarudisha kikombe.

Msimu wa mpunga

Kaya hugawanyika: mama yuko kwenye dungu akilinda ndege na nguruwe, watoto wako kijijini. Daftari limfuate mtoto. Lifungwe ndani ya mfuko wa nailoni pamoja na kadi ya kliniki. Mafuriko ya 2024 yalituonyesha maji yanavyoweza kuingia ndani ya nyumba.

Wakubwa

Mwenye presha aandike namba zote mbili, ya juu na ya chini, kila anapopimwa. Zikirudia kuwa 140 kwa 90 au zaidi, aonane na mganga wa zahanati. Asiache vidonge kwa kuwa kichwa hakiumi.

Mwanamke aandike siku ya kwanza ya hedhi, kila mwezi. Mimba ikiingia, hesabu itaanzia hapo. Mjamzito au mama aliyejifungua karibuni akipata dharura, piga 115, ni bure.

Asiyejua kuandika

Mtoto wa darasa la nne anatosha kumwandikia.

Pasipo kusubiri kalamu

Degedege. Kushindwa kunyonya au kunywa. Kutapika kila kitu. Kulegea asiamke. Kupumua kwa shida. Hapo beba mtoto, nenda. Degedege haingoji mganga wa kienyeji amalize kazi yake. Saa mtaandika mkiwa kwenye bodaboda.

Usiku huu

Toeni daftari moja la mtoto lililobaki na kurasa nyeupe. Andikeni majina ya wote wanaolala nyumbani, na chini ya kila jina acheni nafasi. Akiamka mmoja na homa, andikeni siku, andikeni saa, na mje nalo zahanati.